Mama Barafu, Aliyeipima Damu ya Mwanawe

Marehemu aliacha maagizo mawili kuhusu maneno haya. Yasiwe marefu, na yasimpambe. La kwanza limetushinda, mtatuvumilia. La pili tumelijaribu kadiri tulivyoweza, maana akiwa kitandani alimwambia mdogo wake wa kiume, kinyozi, ambaye ndiye anayewasomea hapa: "Usije ukasimama pale ukaniremba kama bibi harusi. Waeleze nilivyokosea. Kwenye kazi yetu kosa ukilifukia, mwingine analirudia." Kwa hiyo mtakayoyasikia asidhani mtu kwamba tunamvunjia heshima. Tunatii alichosema.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 12 Machi 1968, mtoto wa kwanza kati ya wawili, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yake alikuwa mpiga chapa. Mama yake alishona sare za shule kwa cherehani iliyokaa chini ya dirisha, mahali penye mwanga. Baba alimpa jina la Gazeti, kwa sababu kila asubuhi alikuwa na habari mpya na si zote zilikuwa za kweli. Mliomjua ukubwani, na ukali wake, msishangae. Alikuwa mtoto mwepesi wa kucheka, akiigiza sauti za wateja wa mama yake mpaka mama akawa anamfukuza chumbani, wenyewe wasije wakasikia.

Mwaka 1979 vidole vya mama vilianza kuvimba. Mkasi ukawa haushikiki. Kisha wekundu ukatanda usoni, shavu hadi shavu, ukapita juu ya pua, na nywele zikawa zinabaki kwenye mto. Majirani walisema yao, wengine wakailaumu sabuni ya kiwandani, wengine wakashusha sauti kila watoto walipopita. Daktari ndiye aliyewakalisha chini baba na watoto wake wawili akawaeleza kwa lugha ya mtoto. Alisema ndani ya kila mwili kuna askari wa kupigana na vijidudu, na wa mama yao wameviacha vijidudu, sasa wanampiga mwenye nyumba. Ugonjwa huo unaitwa lupus.

"Kwani nani huwa anawaambia basi, inatosha?" Gazeti akauliza. Alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Daktari alivua miwani akaifuta. "Hilo, mwanangu, hatulijui vizuri."

Mtu mzima ndiye aliyesema hajui, na mtoto akatoka pale akiwa amebadilika. Tangu siku hiyo, kabla hajashuka kitandani, aliminya kidole kimoja kimoja kuona kama askari wake nao wamegeuka. Mdogo wake, aliyelala kitanda cha pili, alimwona, naye akawa anaminya vya kwake bila kujua anatafuta nini. Mama yao alifariki tarehe 3 Juni 1981. Tusifiche jambo lililo wazi: kuanzia hapo dada yetu alikuwa mtu wa hofu. Aliificha vizuri, kwa ukali na kwa kazi, lakini haikumwacha.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1982 akaenda sekondari ya bweni. Mlezi wa bweni alimlalamikia baba kwamba binti yake anawatisha wenzake kwa kuwakagua mashavu kila asubuhi kabla ya mstari. Baba alipomuuliza kulikoni, alijibu, "Naangalia kama kuna mwingine." Hakumpata mwingine, ila alipata jina la Daktari Mashavu, nalo lilimfuata mpaka kidato cha sita. Aliingia chuo kikuu mwaka 1989 na kuhitimu shahada ya biolojia Novemba 1992. Baadaye, akiwa kazini, aliongeza uzamili na uzamivu, na siku ya mahafali ya uzamivu alimwambia baba, ambaye sasa alikuwa mzee na hasikii vizuri, "Nimekuja kumjibu yule daktari." Baba akaitikia, "Daktari gani, unaumwa?" Walicheka wote, na baba alicheka bila kuelewa.

Tarehe 1 Februari 1993 aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa kinga, ghorofa ya tatu ya hospitali, mlango wa mwisho baada ya stoo ya mashuka, na hakuhama tena. Pale ndipo alipoitwa Mama Barafu. Kitu alichokichunguza, yaani RNA, nakala za maagizo ya jeni ndani ya seli, huharibika upesi. Sampuli ikitolewa kwenye barafu ikaachwa mezani wakati mtu anapiga soga kwenye simu, imekwisha. Akikuta tyubu imesahauliwa, sauti yake ilifika mpaka kwenye mashuka. "Nani amemwacha huyu mtoto juani?" Jua halikuwemo mle ndani, dirisha lenyewe lilitazama ukuta, lakini hatujasikia aliyethubutu kumsahihisha.

Jina hilo lina upande wa pili, na mumewe ameturuhusu tuuseme. Mwaka 1994 mashine ya barafu ya maabara iliharibika, ikabidi barafu iletwe kutoka kiwandani. Aliyeileta alikuwa fundi mitambo wa kiwanda hicho, kijana mrefu mwenye haya. Siku ya kwanza alichelewa. Alimkuta dada yetu akimsubiri mlangoni na ndoo mkononi.

"Hii ni barafu au ni supu?"

"Ni barafu, dada. Ila imetembea."

Kesho yake aliiwahisha hadi mlinzi wa geti akamuuliza kama amelala njiani. Mashine ikatengenezwa, yeye akaendelea kuja. Mkuu wa maabara akataka kujua huyu bwana anafuata nini na barafu tunayo. Jibu lilipatikana Jumamosi, tarehe 9 Desemba 1995, walipofunga ndoa. Binti yao alizaliwa tarehe 20 Aprili 1998. Mkunga aliposema ni msichana, mama alilia, na baba akadhani ni furaha. Alikuja kujua miaka mingi baadaye kwamba mkewe alilia kwa sababu ugonjwa ule huwapenda zaidi wanawake, na alikuwa amemwomba Mungu mtoto wa kiume bila kumwambia mtu. Mtoto wa pili hakumtaka.

Kila Jumamosi alikuja kwa mdogo wake kupunguzwa nywele, maana alipenda nywele fupi, na kwenye kiti kile cha kinyozi ndipo familia ilipopata elimu yake yote. Alisema wakati anasoma chuo, vipande vifupi vya RNA vyenye herufi ishirini na kitu vilionekana takataka. Kumbe vina kazi. Jeni ikitoa agizo, kipande hicho kidogo, ambacho wenyewe wanakiita mikroRNA, kinaweza kulidaka agizo njiani na kulinyamazisha. Ndani ya seli za kinga ziko mikroRNA zinazochochea na ziko zinazotuliza.

"Kwa hiyo ni breki na mafuta," mdogo wake akasema, mashine ya kunyolea mkononi.

"Afadhali leo umeshika kitu. Iko moja tunaiita mia na arobaini na sita. Hiyo ni breki. Askari wakishapigana vya kutosha inapanda, inawatuliza. Sasa wagonjwa wengi wa lupus ukiwapima, breki hiyo unaikuta imepungua."

"Na ya mama ilikuwa imepungua?"

"Damu ya mama hakuna aliyeitunza," akasema. "Punguza hapo nyuma, unanichelewesha."

Tunafika sasa kwenye kosa.

Jumamosi, tarehe 14 Agosti 2010, binti yake alirudi kutoka kwenye michezo ya shule akilalamika magoti. Alikuwa na homa kidogo na mashavu mekundu. Mama mwingine angempa maji akamwambia kalale. Mama huyu aliona uso wa mama yake mwenyewe umeingia mlangoni. Hakumpeleka zahanati wala hakumwambia mumewe, aliyekuwa zamu kiwandani. Alimkalisha kwenye meza ya chakula, akamdanganya kwamba anampima homa, akatoa damu kwa mkono wake. Mtoto alilia akavuta mkono. Mshipa ulikuwa mwembamba, sindano nyembamba zaidi, na mama akivuta bomba kwa nguvu, akitaka kumaliza upesi. Kisha akaisukuma damu ndani ya tyubu kupitia sindano ileile. Akaitia tyubu katika chupa ya chai iliyojaa barafu, na kesho yake, Jumapili, akaenda nayo hospitali nusu mbio, chupa ikimgonga nyongani.

Wenzake wa maabara mliopo hapa mnainamisha vichwa, nasi tunajua kwa nini. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho asingewafokea nyinyi mkikifanya.

Maabara ilikuwa tupu. Alizungusha damu kwenye mashine mpaka seli zikashuka chini na maji ya damu yakabaki juu. Maji hayo yanatakiwa yawe ya manjano. Yale yalikuwa na uwaridi, wekundu hafifu. Aliuona, akaupita, kwani siku hizo walitupa sampuli zile tu zilizokuwa nyekundu wazi. Akapima, na breki ya mwanawe ilikuwa imeanguka, chini kabisa, kwenye safu moja na wagonjwa wake.

Alirudia kipimo mara tatu. Majibu yakalingana kama mapacha, naye katika taaluma yake alikuwa amefundishwa kuamini majibu yanayolingana. Lakini mara zote alipima kutoka kwenye tyubu ileile. Alirudia kipimo, hakurudia damu. Katika miezi ya mwisho ya maisha yake, mdogo wake alimuuliza kwa nini hakumtoa mtoto damu nyingine, hata baada ya mwezi, hata baada ya mwaka. Alijibu, "Niliogopa kusikia tena."

Hakumwambia mtu. Fikirini hilo, mlio na watoto. Alikaa mezani na mumewe, akala, akacheka inapobidi, na moyoni akimhesabu mwanawe kuwa ni mgonjwa ambaye bado hajaanza kuumwa. Jua likawa mwiko, kwa sababu jua huchochea ugonjwa ule. Binti alivaa mikono mirefu na kofia pana hadi wenzake wakamwita Uyoga. Michezo ikakatazwa, safari za shule zikakatazwa. Kila asubuhi alisimamishwa dirishani, kidevu kikainuliwa, mashavu yakageuzwa kushoto na kulia.

"Mama, uso wangu una nini?"

"Hauna kitu. Nenda shule."

Ukimwambia mtoto kwamba uso wake hauna kitu huku unautazama kwa hofu, ataamini hofu yako. Binti alikua akijua kwamba ana kasoro ambayo mama yake mwenyewe hawezi kuitaja. Alidhani ni mbaya wa sura. Alidhani labda si mtoto wa baba yake. Mwaka 2016 alipata nafasi ya kusoma usanifu wa majengo mji mwingine, akafungasha, na mlangoni yeye na mama yake walitupiana maneno ambayo hatutayasoma hapa. Baada ya hapo alimpigia baba simu kila wiki, na baba akawa anamfikishia mama salamu ambazo hazikutumwa.

Ukweli ulitoka mahali pasipotarajiwa. Februari 2018 makala ya maabara yao ilirudishwa na wakaguzi wa jarida na swali moja la adabu sana: je, mlihakikisha kwamba seli nyekundu hazikupasuka kwenye sampuli zenu? Swali hilo dada yetu alilieleza kwenye kiti cha kinyozi, na siku hiyo hakutaka kunyolewa, alitaka kukaa tu.

"Wewe ulikuwa unawapima watoto wako urefu kwenye fremu ya mlango, si ndiyo?"

"Mpaka leo alama zipo."

"Sasa fremu yenyewe ikipanda, mtoto ataonekanaje?"

"Amefupika."

"Basi ndivyo nilivyofanya."

Kumbe huwezi kusema breki ni chache mpaka uilinganishe na kitu kisichobadilika. Wao, kama maabara nyingi za wakati huo, walilinganisha na mikroRNA nyingine, namba kumi na sita. Na namba kumi na sita imejaa tele ndani ya seli nyekundu. Seli hizo zikipasuka, kwa sindano nyembamba, kwa kuvuta kwa pupa, kwa kutikiswa, zinaimwaga yote kwenye maji ya damu. Fremu inapanda na mtoto anafupika. Ule uwaridi aliouona ulikuwa seli nyekundu za mwanawe, alizozipasua yeye mwenyewe kwa mikono yenye hofu.

Alikwenda kwenye friza, akatoa tone lililobaki la mwaka 2010, akalipima kwa njia ya kukagua seli zilizopasuka. Zilikuwa zimepasuka kupita kiasi. Alikaa chini sakafuni koridoni, mgongo ukutani, mkuu wa maabara akamkuta hapo akadhani ameanguka.

Mtu angesema basi afurahi. Hakufurahi. Kipimo kilichoharibika hakisemi mtoto ni mzima. Hakisemi lolote. Kwa miaka minane alikuwa na jibu baya, na sasa hakuwa na jibu kabisa, na alituambia kwamba hilo la pili lilimtisha kuliko la kwanza. Alishika simu ampigie binti. Aliweka simu chini. Angemwambia nini? Kwamba nilikunyima jua kwa ajili ya kitu ambacho sikukijua, na mpaka sasa sikijui?

Mkuu wa maabara alipompa mkono ainuke pale sakafuni, aliona viatu vya dada yetu vimefunguliwa kamba. Miguu ilikuwa imevimba haingii. Alimtazama usoni, akamtazama tena miguu, akasema, "Mama Barafu, lini mara ya mwisho umejipima wewe?"

Mdogo wake alikuwa ameona mapema. Mwaka mmoja nyuma, akimnyoa, alikuta nyuma ya sikio pamekuwa wazi, na akasema. Aliambiwa, "Wewe nyoa, uchunguzi niachie mimi." Maumivu ya vidole alisema ni baridi ya friza. Uchovu alisema ni umri. Mwanamke aliyekagua mashavu ya bweni zima, na ya mwanawe kila alfajiri, hakuwa na nafasi ya kujitazama kwenye kioo. Mkojo ulipopimwa, figo zilikuwa zimekwisha kuathirika vibaya. Ilikuwa lupus, ileile. Askari walikuwa wamegeuka, ila nyumba ilikuwa ya mama, si ya mtoto.

Alitibiwa kwa dawa za kutuliza kinga, akapata nafuu, akarudi kazini Julai 2018, akaanguka tena Novemba. Akaanza kusafishwa damu kwa mashine. Alimwambia muuguzi anayemfunga mipira, "Taratibu, usizipasue," na muuguzi hakuelewa kwa nini mgonjwa huyo anachunguza rangi ya kila kitu kinachotoka kwake. Mei 2019 alilazwa wodi ya chini na hakutoka tena.

Mumewe ndiye aliyempigia binti. Hakumpamba mtu. Alisema, "Mama yako anakufa, na kuna jambo alikuficha. Njoo akwambie mwenyewe, mimi nimeambiwa juzi na bado sijalala."

Binti alikuja. Mama alimweleza yote, kuanzia meza ya chakula, bila kujitetea. Mdogo wake alikuwepo.

"Miaka yote hiyo," binti akasema, "uliniangalia ukaona maiti."

"Nilikuangalia nikaona mama yangu."

"Mimi nilijua unanichukia."

"Ningekuchukia ningekuacha uende kucheza."

Binti alitoka nje, akakaa muda mrefu, akarudi na macho mekundu akatandika shuka upya, ingawa lilikuwa limetandikwa. Kuanzia hapo hakuondoka. Alimwogesha mama yake, alimlisha uji kwa kijiko, na mara moja tulimkuta amemwinua kidevu anamtazama mashavu, wote wawili wanacheka.

Lakini hofu ilibaki imekaa pale kitandani pamoja nao. Mama hakulala. Kila muuguzi akiingia aliuliza saa, na akifumba macho alishtuka akiuliza, "Yuko wapi? Yuko juani?" Ndipo binti alipomwambia mkuu wa maabara amtoe damu, safari hii itolewe inavyotakiwa. Ilitolewa Jumatatu, tarehe 24 Juni, na muuguzi mwenye mkono mwepesi, sindano ya kutosha, mama akiangalia kutoka kwenye mto na kutoa amri kwa sauti isiyotoka. Mkuu wa maabara alieleza kwamba safari hii atalinganisha na fremu tatu tofauti, na zote zisiwe zile zilizojaa kwenye seli nyekundu. Aliporudi kuwaonyesha tyubu iliyozungushwa, maji yake yalikuwa ya manjano safi.

"Hata breki ikiwa nzima," mama akamwambia binti, "haina maana hutaugua. Wako wanaougua nayo, wako wanaoishi bila hiyo."

"Najua, mama."

"Usije ukasema sikukwambia."

Kesho yake alasiri mkuu wa maabara alisimama mlangoni mwa wodi. Mama alipomwona aligeuza uso ukutani. Mwanamke aliyekuwa amesoma majibu ya maelfu ya watu hakuweza kuyasikia ya mmoja. Akasema, "Mwambie mwanangu huko nje. Mimi ataniambia yeye." Binti alitoka naye koridoni. Walikaa kidogo. Aliporudi alikaa ukingoni mwa kitanda akaushika mkono wa mama yake.

"Mama, breki yangu nzima."

Mama hakugeuka mara moja. "Amelinganisha na nini?"

"Na zote tatu."

"Zikalingana?"

"Zimelingana."

Hapo aligeuka. Alimtazama mwanawe kwa muda, kisha akamwambia afungue pazia, akae kwenye mwanga. Alilala mchana ule bila kushtuka, mara ya kwanza tangu alazwe, na usingizi huo ndio ulioendelea, ukikatika kidogo tu kwa maji na kwa maneno machache, hadi Alhamisi, tarehe 27 Juni 2019, alipokata roho akiwa na miaka hamsini na mmoja. Uso wake ulikuwa umelegea. Mdogo wake alimnyoa siku hiyo kwa mara ya mwisho, na anasema hakuwahi kumjua akiwa hana hofu, hivyo ilimbidi amtazame mara mbili.

Ameacha mume, fundi mitambo mstaafu. Mdogo wake kinyozi, mke wake na watoto wao watatu. Wafanyakazi wenzake wa ghorofa ya tatu, ambao aliwafokea kwa haki. Na binti mmoja, msanifu majengo mwanafunzi.

Maneno yafuatayo hayamo katika karatasi mlizoshika, kwa kuwa zilikuwa zimeshachapwa. Binti ameyaleta asubuhi hii, akaomba yasomwe mama yake akiwa bado juu ya ardhi. Ameandika hivi:

"Mama, kule koridoni sikusikia majibu. Mkuu wa maabara alipofungua kinywa nilimziba kwa mkono. Nilimwambia sitaki kujua, nataka ulale. Nilipoingia nilikwambia nilichokwambia, na uliponiuliza zimelinganishwa na nini niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu, maana uongo wangu ulikuwa hauna fremu. Ulikataza kosa kufukiwa. Basi na langu lisifukiwe nawe. Majibu bado anayo yeye. Siku nikiyataka nitayaomba."

Familia inawaomba jambo moja. Mkuu wa maabara amekaa safu ya pili. Tafadhali, msimtazame usoni mkitafuta kitu. Sisi wenyewe tumekaa naye tangu alfajiri na tumejizuia.

Dada yetu alale salama. Hofu aiache huku juu, tutaibeba sisi.